Hijama kwa mkimbiaji: uzoefu wangu Kampala

Kwa sisi tunaojifua kwenye vilima vya Kampala, maumivu ya vigimbi na kiuno ni ya kawaida, hasa msimu wa mbio za Novemba unapokaribia, na ndiyo yaliyonipeleka kwa mtaalamu mmoja wa hijama, yaani tiba ya kunyonya ngozi kwa vikombe, maeneo ya Old Kampala. Nimemwendea katika msimu wa mazoezi na nje ya msimu, kwa hiyo naweza kueleza nilichokipata na nisichokipata.

Vikombe vyake ni vya plastiki vyenye vali juu, na hewa huvutwa kwa pampu ya mkono badala ya moto, jambo linaloondoa hatari ya kuunguzwa. Katika hijama kavu ngozi huvimba ndani ya kikombe, ikageuka nyekundu, kisha zambarau. Kwenye kigimbi hupaka mafuta ya zeituni na kukiburuta kikombe polepole kutoka juu ya kisigino hadi karibu na goti, na hapo hata mwanamume mzima hung'ata meno. Katika ile ya damu huchanja ngozi juu juu kwa wembe, hurudisha kikombe, na damu hujikusanya na kuganda mithili ya ini bichi. Wembe huufungua mbele yako, glovu hubadilisha kwa kila mteja, na kikombe kilichoingia damu hakirudii mwili mwingine.

Kuhusu nafuu, sina shaka: usiku wa siku ile nalala fofofo, na kwa siku mbili tatu kiuno hulegea, nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Kasi ni habari nyingine. Muda wangu wa kilomita 21 ulipungua kweli, lakini msimu huohuo niliongeza mbio ndefu za Jumapili na kukipanda kilima cha Naguru, nami siwezi kuvipa vikombe sifa iliyotokana na jasho. Tafiti nazo zimeonyesha nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya shingo na mgongo, ingawa nyingi ni ndogo na dhaifu, kwa kuwa ni vigumu kumpa mtu kikombe cha uongo asitambue kwamba hakivuti. Wanaotaja alama za mviringo zilizoonekana mabegani mwa mwogeleaji Michael Phelps kule Rio mwaka 2016 wasisahau kwamba alifika huko akiwa tayari na dhahabu 18 za Olimpiki.

Jambo ambalo mimi na mtaalamu wangu hatukubaliani ni madai kwamba damu inayotoka ni "damu chafu". Hiyo ni damu ya mishipa midogo ya ngozi, na kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Tulivutana pia kuhusu tarehe, kwani yeye hufuata siku za sunna, yaani 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo. "Ustadhi," nilimwambia, "tarehe 17 inaniangukia karibu kabisa na mbio." Alicheka, akanipiga vikombe vikavu tu. Alitenda haki, maana mkimbiaji anahitaji chembe zake nyekundu za damu ili zibebe oksijeni, na michanjo mibichi haipatani na jasho.

Si kila mahali pana uangalifu huo. Kwingine mjini, ambako sitakutaja, kikombe kiliachwa mgongoni mwangu hadi lengelenge likatokea, na nilipouona wembe uko mezani bila karatasi yake niliondoka, kwa sababu homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu na haichezewi. Mwenye upungufu wa damu, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, asithubutu kabla ya kumwona daktari.

Malipo ni kwa kikombe, na ukimwachia mtaalamu uamuzi atakujaza mgongo mzima. Vya kiuno na vigimbi vinatosha. Alama hudumu kuanzia siku chache hadi wiki mbili hivi, kwa hiyo mwenye harusi ya kuhudhuria ajipange. Kwa sasa naendelea na hijama kavu baada ya mbio ndefu, na ile ya damu nimeiahirisha hadi msimu wa mashindano uishe.