Gemu za Vita vya Kihistoria: Ipi Ununue Ukiwa Mwanza

Kwenye mabanda mengi ya gemu jijini, kuanzia Mabatini hadi Igoma, skrini ni za mpira. Vita ikichezwa, huwa ni ile ya kukimbia, kuruka na kumimina risasi, mchezaji kavaa miwani ya jua na bunduki yake ina rangi za pipi. Hakuna ubaya. Ila mwongozo huu ni wa anayetaka kitu kingine: askari wa 1916 abebe bunduki ya 1916, risasi moja iue, pasiwe na alama nyekundu inayokuonyesha alipojificha adui, na huyo adui awe mtu wa kweli aliyeketi kwake Poland au Uturuki.

Kigezo changu cha kwanza ni mtandao, picha zinafuata baadaye. Ukicheza kutoka Mwanza, data yako inashuka mpaka Dar, inaingia kwenye kebo ya baharini, ndipo iifikie seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, iliyoko Ulaya. Pingi, yaani milisekunde ambazo data inatumia kwenda kwenye seva na kurudi, hukaribia 150 au kuzidi, hata siku mtandao ukiwa mzuri. Katika gemu ya bunduki za kumimina risasi, mwenye pingi 30 ameshakuua kabla skrini yako haijamwonyesha. Bunduki ya kukoki kila risasi ni habari nyingine. Kila mmoja akishafyatua lazima avute komeo, arudishe, alenge tena. Anayeshinda ni aliyelala mahali pazuri na aliyemwona mwenzake mapema, siyo aliye karibu na seva. Kwa hiyo gemu inayoheshimu historia ya mapigano ndiyo hiyo hiyo inayotuvumilia sisi wa kanda ya ziwa, na mpangilio huu umefuata hapo.

Kabla ya kununua gemu, angalia mashine. Laptopu zilizotumika zinazojaa madukani, EliteBook, Latitude, ThinkPad, ni ngumu na zinafaa kazi za chuo, lakini nyingi hazina kadi ya picha ya peke yake. Zitakubeba kwenye gemu za zamani tu. Ukitaka kupanda zaidi, usikimbilie laptopu ya gemu. Tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika kama Dell OptiPlex yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha sita au zaidi, ongeza RAM ifike 16 GB, weka SSD, diski ya kasi, kisha chomeka kadi ya picha fupi, GTX 1050 Ti au 1650, ile isiyodai waya wake wa umeme. Fungua boksi dukani uone kama kuna nafasi ya kadi. Zile OptiPlex ndogo kabisa hazina, na muuzaji hatakwambia.

Jambo jingine ambalo hatakwambia: gemu za kuchakachua, zile unazojaziwa kwenye diski kwa bei ya soda, haziingii seva. Kwa gemu ya mpira utabaki na ligi ya kucheza peke yako. Gemu nyingi za hapa chini zimetengenezwa kwa ajili ya kucheza na watu, kwa hiyo ukiondoa seva unabaki na menyu na muziki wake. Nunua halali au usinunue.

Ya kwanza: Isonzo

Ilitoka Septemba 2022 kutoka kwa Waholanzi wa M2H na Blackmill Games. Ni Vita Kuu ya Kwanza kwenye milima ya Alps, Italia dhidi ya Austria-Hungaria, mahali ambapo majeshi hayo yalipigana mara kumi na mbili kando ya mto mmoja, Isonzo, kati ya 1915 na 1917. Wachezaji ni 48. Upande mmoja unashambulia, mwingine unalinda, na mstari wa mapigano unasogea hatua kwa hatua kwenye ramani zilizofuata mashambulizi yaliyotokea kweli.

Nimeiweka juu kwa sababu mbili. Kwanza, nafasi zisizo na watu zinajazwa na askari wa kompyuta, kwa hiyo hata ukiingia saa ambayo seva imepoa, vita ipo. Pili ni bunduki zenyewe. Mwitaliano ana Carcano ya risasi sita, komeo lake unalizungusha kisha unalivuta. Mwaustria ana Mannlicher ya risasi tano, ambayo komeo lake huvutwa na kurudishwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Tofauti hiyo ni ya kweli kihistoria, na ukicheza pande zote mbili utaihisi mkononi: huyu ana risasi moja zaidi, yule anawahi kufyatua ya pili. Fundi wa kikosi anaweza kuweka waya wa miba na kujenga kinga, ofisa anaita mizinga, na gesi ikishuka unavaa kinyago au unakufa. Bei yake kamili ni dola 29.99, na hushuka sana wakati wa punguzo.

Ya pili: Red Orchestra 2 pamoja na Rising Storm

Hii ni ya 2011 na bado sijaona iliyoipita kwa mambo madogo. Ni Stalingrad. Hakuna msalaba wa kulengea katikati ya skrini, unatumia vyuma vya bunduki. Hakuna namba ya kukuambia risasi zimebaki ngapi. Ukitaka kujua, askari wako anaangalia magazini, nawe unaambiwa kama bado ni nzito au imekuwa nyepesi. Ukijeruhiwa unafunga kidonda haraka kabla damu haijakuisha. Risasi zikipita karibu na kichwa chako macho yanafifia na mikono inatetemeka, kiasi kwamba bunduki kubwa ya rashasha inakuwa na kazi hata isipoua mtu, kama ilivyokuwa vitani. Rising Storm ya 2013 inaongeza Pasifiki, Wajapani dhidi ya Wamarekani, na Wajapani wanaweza kuungana katika shambulizi la kelele na singe ambalo, kwa anayelishuhudia mara ya kwanza, hutosha kumfanya aache bunduki na kukimbia.

Mashine ya kawaida inaiweza. Tatizo ni watu. Gemu imezeeka na wachezaji wamepungua, hivyo ingia jioni za wikiendi. Saa yetu inasaidia: saa tatu usiku hapa Mwanza ni saa moja au saa mbili usiku kwa wenzetu wa Ujerumani na Poland, kutegemea majira, yaani ndipo wanapokaa kucheza. Siku mtandao umegoma kabisa, unaweza kupigana na askari wa kompyuta.

Ya tatu: Verdun

Ni dada mkubwa wa Isonzo, ya 2015, uwanja ni mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Watu wanne wanne kwa kikosi, wachezaji 32 kwa jumla, bei kamili dola 19.99. Ukivuka kwenda handaki la adui ukashindwa, unarudi kulinda la kwako, na hilo linarudia mpaka muda uishe, wakati mwingine bila mstari kusogea hata kidogo. Wapo wanaoliita hilo kasoro. Mimi naliona ndilo somo lenyewe la vita ile. Watengenezaji wake waliwahi pia kuweka sikukuu ya Krismasi ya 1914, ile ya askari kusimamisha vita, ambapo unatupa mipira ya theluji na kupiga soka kati ya mahandaki. Ipo pia ya PS4.

Hapa nichomeke neno. Kati ya gemu zote nilizozipanga, hakuna yenye ramani ya vita ya kwetu. Na vita ile ilipita hapa hapa. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu kwa meli, wakapigana siku mbili Bukoba na kuharibu kituo cha Wajerumani cha mawasiliano ya redio. Julai 1916 wakaichukua Mwanza. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walianza vita hiyo na bunduki za kizamani za baruti nyeusi, ambazo kila risasi ilitoa wingu la moshi likimwambia adui ulipo. Mtengenezaji angepata gemu nzima hapo: fyatua, kisha hama haraka. Ila akitaka kuwa mkweli, wachezaji wengi angewapa mizigo, maana vita ya Afrika Mashariki ilibebwa na wapagazi, hao ambao jina la kikosi chao lilibaki Kariakoo. Sijui nani angenunua gemu ya kubeba mzigo. Mimi ningenunua.

Ya nne: Hell Let Loose

Ukisoma wahakiki wa nje, hii ndiyo namba moja, na wana haki. Watu 50 kwa 50, Vita Kuu ya Pili, ramani kubwa zilizochorwa kutokana na maeneo halisi ya Normandy, Stalingrad, Kursk, mpaka El Alamein. Kuna kamanda mmoja, maofisa wana njia yao ya kuzungumza, kifaru kinataka watu watatu: dereva, mpiga mzinga na kiongozi. Bila mtu wa kusafirisha vifaa na kujenga vituo vya kurudia uwanjani, timu yenye wapigaji hodari inalambishwa mchanga na timu iliyopangika.

Kwa nini basi ya nne? Inataka mashine: RAM ya 12 GB ni ya kuanzia, na kadi ya picha ya maana. Mchezo mmoja unaweza kufika saa moja na nusu, na umeme wa baadhi ya mitaa yetu hauna subira hiyo, kwa hiyo weka UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kwenye hesabu. Tena lazima uzungumze. Askari asiyejibu ofisa wake anafukuzwa kikosini, na lugha ni Kiingereza. Kama una maikrofoni na hiyo OptiPlex niliyoieleza, ipandishe hadi ya kwanza. Bei kamili ni dola 49.99, subiri punguzo.

Ya tano: Rising Storm 2: Vietnam

Ya 2017, watu 64. Helikopta ni za Wamarekani na washirika wao, mahandaki ya kutokea chini ya ardhi ni ya upande wa Vietkong, wapiganaji wa msituni waliopigana nao, na kutofanana huko ndiko utamu wake. Lakini ni M16 dhidi ya AK, zote za kumimina risasi. Hapo pingi yako inaanza kukusaliti, hasa ndani ya vijiji ambako mnakutana uso kwa uso.

Ya sita: Battlefield 1

Hii ni kwa mwenye PS4, kwa kuwa CD yake iliyotumika haisumbui kuipata. Inapendeza kuliko zote, farasi, treni ya chuma, ndege kubwa za gesi zikiwaka angani. Ni onyesho zaidi ya historia: imejaa bunduki za kumimina risasi ambazo mwaka 1917 zilikuwa chache mno au za majaribio. Kumbuka pia gharama iliyojificha. Kucheza na watu kwenye PlayStation kunadai kulipia PS Plus, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti zao, ndiyo maana wengi hufungua ya nchi nyingine na kusumbuka na malipo.

Zilizobaki kwa kifupi. Day of Defeat: Source ya 2005, dola 9.99, karibu laptopu yoyote itaiendesha. Enlisted ni ya bure, ila itakuchosha na maduka yake ya ndani. Holdfast ni ya enzi za Napoleon, bunduki ya kushindiliwa baruti, wapiga ngoma na filimbi katikati ya mapigano. Kwa pingi yetu ni rafiki kabisa, na ni vichekesho zaidi ya vita. Kwenye simu sijaona ya kupendekeza kwa anayetafuta uhalisia.

Kulipa: Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inapokea kadi, na mitandao ya simu siku hizi inakutengenezea kadi ya mtandaoni kutoka kwenye pesa zako za simu. Punguzo kubwa huja mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba. Gemu ikikushinda, Steam inarudisha pesa kama hujapita siku 14 tangu ununue wala saa mbili za kucheza. Pesa inarudi, bando halirudi. Hell Let Loose ni makumi ya GB za kupakua, kwa hiyo zipakue usiku kwa bando la bei nafuu, au kwenye faiba ya rafiki. Kucheza kwenyewe kunakula kidogo kuliko kuangalia video.

Zile saa mbili zitumie kwa kazi moja tu. Fungua orodha ya seva jioni, panga kwa pingi, ingia kwenye mbili tatu zenye watu, fyatua. Ukiona kila seva inapita 250 na wenzako wanaruka ruka kama picha iliyokatika, omba pesa yako usiku huo huo, na hiyo dola 9.99 iweke kwenye Day of Defeat mpaka utakapohamia mtaa wenye faiba.