Kilomita 63 kwa baiskeli kutoka Seongsan hadi Yongduam, kisiwani Jeju: uzoefu wangu

Novemba iliyopita nilipata mapumziko mafupi kisiwani Jeju, kusini mwa rasi ya Korea, na siku moja kati ya hizo niliitenga kwa ajili ya baiskeli. Njia ya baiskeli inayokizunguka kisiwa kizima ina urefu wa kilomita 234 na ilifunguliwa mwaka 2015. Wenye mapaja imara huimaliza kwa siku mbili au tatu, lakini mimi, ambaye kwa miaka mingi baiskeli nimekuwa nikiitazama tu ikipita, nilichagua kipande cha kaskazini mashariki: kutoka Seongsan Ilchulbong, kilima cha volkano kinachosimama juu ya bahari kama ngome, hadi mwamba wa Yongduam mjini Jeju.

Baiskeli niliikodi kwenye duka moja la mjini ambalo, kwa malipo ya ziada, hukuletea kwa gari hadi unapolala na kukuruhusu kuirejesha dukani jioni. Utaratibu huo naupendekeza kwa yeyote mwenye siku moja tu, kwa sababu humwondolea adha ya kurudi alikotoka. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyepesi na gia zake ziliingia bila kukwaruza, ila nilipoinama kuikagua niliona kwamba mipira ya breki ya nyuma imelika hadi kukaribia chuma. Kijana aliyeileta alikaza waya kwa spana, akabonyeza breki mara mbili, akaniashiria kwamba mambo ni shwari. Nilipaswa kukataa pale pale, lakini jua lilikuwa linachomoza na nilitaka kuondoka.

Kabla ya yote, chagua vizuri upande wa kuelekea. Wakorea huendesha upande wa kulia, kwa hiyo anayekizunguka kisiwa kinyume cha mwendo wa saa huwa na bahari kuliani siku nzima, wala hakuna gari linalopita kati yake na maji. Sisi tuliozoea kushika kushoto tuna kazi ya ziada, na nakiri kwamba katika makutano ya kwanza nilikuwa nikijisemea "kulia, kulia" kwa sauti. Kupotea, hata hivyo, ni vigumu, kwani mstari wa buluu umechorwa barabarani karibu njia yote.

Kilomita zilizofuata, kupitia Jongdal hadi Hado, ndizo zilizonilipa fedha yangu. Barabara ni tambarare, kisiwa cha Udo kinaonekana ng'ambo, na kando ya njia ngisi wameanikwa kwenye kamba mithili ya nguo zilizofuliwa. Huko Hado nilisimama kwenye gati dogo kuwatazama haenyeo, wanawake wanaopiga mbizi bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa baharini, kombe na mwani. Mwanzoni huoni kitu ila maboya ya rangi ya chungwa yakielea. Kisha kichwa cheusi kinaibuka, na mluzi mwembamba unakufikia, pumzi iliyobanwa ikiachiliwa kwa mkupuo mmoja. Mluzi huo wanauita sumbisori. Mmoja wao alipanda ngazi za mawe akiburuta wavu uliojaa, na alipovua miwani yake nilikadiria kwamba ni bibi wa miaka zaidi ya 70. Nimewahi kuwaona akina mama wa Paje wakitoka majini na mizigo ya mwani maji yalipokupwa, lakini hawa hufuata riziki chini kabisa, penye kina. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2016. Makumbusho yao yapo hapo hapo Hado, karibu na mnara wa kumbukumbu ya maandamano waliyoyafanya mwaka 1932 dhidi ya utawala wa Wajapani. Niliyapa saa nzima, na ningeyapa mbili kama si upepo.

Upepo ulikuwa umeanza. Wenyeji husema kwamba Jeju ina vitu vitatu kwa wingi: upepo, mawe na wanawake. Mawe nilikuwa nimeyaona tangu asubuhi, kwani kila shamba la karoti limezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, yamepangwa bila saruji na kuachiwa matundu ili upepo upenye usiuangushe ukuta. Mimi sikuwa na matundu. Njia ilielekea kaskazini magharibi, na ndiko unakotoka upepo wa majira ya baridi, hivyo kuanzia Haengwon, penye mitambo mirefu ya umeme wa upepo, nilikwenda bisho katika gia ya chini kabisa. Hapo Woljeong, ufuo wenye maji ya rangi ya feruzi na migahawa mingi, magari yalikuwa yameegeshwa juu ya mstari wa buluu, nami nikalazimika kupita katikati ya barabara.

Gimnyeong niligonga muhuri. Vituo 10 vya njia hii vina vibanda vyekundu mfano wa vibanda vya simu vya zamani, na ndani yake mna muhuri ambao unaugonga mwenyewe kwenye kijitabu chako. Nilidhani ni mchezo wa watoto, lakini nilijikuta nakitafuta kibanda kwa macho kabla hata ya kuutazama ufuo. Nikala bakuli la uji wa mchele uliopikwa na konokono aitwaye jeonbok, wenye rangi ya kijani kidogo kwa sababu matumbo yake nayo hutiwa. Mama mzee aliyeniandalia alikuwa akiitwa samchun na kila aliyeingia, neno ambalo kwingineko Korea ni la mjomba au baba mdogo, ila Jeju huitwa hivyo mkubwa yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Kilomita 9 hadi Hamdeok zilipita upesi. Zile 25 za mwisho ni za mjini zaidi, zenye magari na taa za barabarani, na isingekuwa mchanga mweusi wa Samyang ningemshauri mtu aishie Hamdeok. Karibu na kilima cha Sarabong kuna mteremko wa kuingia bandarini, na hapo breki ya nyuma ilipiga kelele ya chuma kwa chuma kisha ikaacha kushika kabisa. Nilishuka kwa breki ya mbele, mguu mmoja ukikwaruza lami.

Njia naipa nyota tano, baiskeli mbili. Mwenye duka aliitazama mipira ile, akanirudishia won 5,000 bila kubishana, kisha akaisukuma baiskeli hadi kwenye safu ya zile zilizokuwa tayari kwa wateja wa kesho.