Marciano aletwe leo, au Usyk arudishwe 1952?

Mabondia hawa wawili wa uzito wa juu wakipambana, nani angeshinda? Tuanze na mizani. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 na ushindi 49 bila kupoteza, alipigania uzito wa juu akiwa na kilo 84 hivi. Leo kikomo cha uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, ni kilo 90.7, kwa hiyo hata huko angekuwa mwepesi. Oleksandr Usyk, mrefu wa sentimita 191, alimpiga bondia Mwingereza Tyson Fury mwaka 2024 akiwa na kilo 101.

Lakini tatizo kubwa la Marciano ni saa, si kilo. Septemba 1952 alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji alipomwangusha bingwa wa wakati huo, Jersey Joe Walcott, raundi ya 13. Mapambano ya ubingwa ya leo yana raundi 12. Kwa sheria hizi, mkanda ungebaki kwa Walcott!

Usyk akirudishwa kwenye raundi 15 za enzi hizo, anaongezewa dakika tisa za kazi. Miguu yake ndiyo silaha. Ikichoka, Marciano anaingia ndani na kumpiga mbavuni na kwenye mikono mpaka ulinzi ushuke.

Sasa weka ulingo Uwanja wa Sokoine, Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, pumzi hairudi haraka kati ya raundi, na asiyekaa wiki mbili tatu akizoea atalipia kuanzia raundi ya sita. Kwa raundi 12, Usyk kwa pointi. Kwa 15 hapa Mbeya, mh, pesa yangu naificha.