Wiki sita za dawa za kichina za kuchemsha kwa baridi yabisi, duka la Ngamiani Tanga

Nimeulizwa sana na wenzangu wa kikoba kuhusu hizi dawa nikaona bora niandike mara moja. Duka lipo Ngamiani kwenye hizi barabara za namba, jina silitaji kwa sababu kuna jambo moja halikunipendeza kabisa na sitaki kumharibia mtu riziki yake.

Mi ni fundi cherehani, Makorora. Mwaka 2021 nilianza kuamka vidole vimekaza, mkasi siushiki mpaka saa nne asubuhi, nikaambiwa malaria, nikaambiwa uchovu, mwisho vipimo vikaonyesha ni ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili inageuka inashambulia viungo vyako mwenyewe. Nipo kwenye methotreksati, dawa ya hospitali ya kuituliza hiyo kinga, nameza Ijumaa mara moja kwa wiki na vitamini ya foliki asidi siku nyingine. Inanisaidia lakini asubuhi bado nilikua nakaza kama saa nzima na nusu, na fundi asieweza kukata kitambaa asubuhi wateja wanahama. Ndo mamdogo akanambia nenda kwa Wachina.

Kuingia tu nimekuta pasafi, cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kipo ukutani, hilo liangalieni popote mnapoenda maana sheria ya kuwasajili ipo tangu 2002. Kumuona daktari elfu kumi na tano. Anakaa na dada mmoja wa hapahapa Tanga anaetafsiri, na huyo dada Mungu ambariki, ana subira. Daktari akanishika mkono kwa vidole vitatu kwenye kifundo, wa kulia kisha wa kushoto, kila mmoja kama dakika nzima kimya, akaangalia ulimi, akauliza usingizi, hedhi, choo, mvua ikinyesha maumivu yanazidi au la. Nilikaa mle dakika 40. Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivo tangu niugue na nilitoka nimefarijika hata kabla ya dawa.

Akaeleza kwamba kwao ugonjwa huu wanauita bi, maana yake kuziba, upepo na baridi na unyevu vimeingia kwenye viungo vikaziba njia. Nikashangaa maana sisi wenyewe tunasema baridi na yabisi, baridi na ukavu, wazee wetu nao waliona baridi, tofauti wao wanasema maji sisi tunasema ukavu. Hospitali hawasemi hivo na mi naamini vipimo, ila nilipenda kwamba mtu kanieleza ugonjwa wangu kwa maneno ninayoyashika.

Dawa zenyewe sasa. Unapewa pakiti za siku saba, elfu arobaini na tano, ndani mizizi iliyokatwa vipande, magome, vijiti. Nikaomba waniandikie majina yote na wakaniandikia, hapo ndo niliwapa heshima. Kulikua na gui zhi ambayo ni vijiti vya mti jamii ya mdalasini, tangawizi, bai shao ambao ni mzizi mweupe wa ua la peoni, gan cao mzizi mtamu, na fuzi, mzizi mwingine. Hii fuzi ina sumu ya moyo kweli kweli ikiwa mbichi, kwao wanaisindika kabla ya kuuza na bado unatakiwa uichemshe peke yake saa nzima ndo utie vingine. Dada alinirudishia hilo mara tatu akanifanya nami nimrudishie kwa mdomo wangu. Asikwambie mtu ni kuchemsha kama chai. Sufuria za aluminiamu wanakataza, nikanunua chungu soko la Mgandini, na mkaa unakwenda maana unachemsha, unachuja, unatia maji tena unachemsha mara ya pili, unachanganya, unagawa asubuhi na jioni. Harufu yake ni ya udongo uliolowa na mdalasini ndani yake, nyumba nzima wapangaji wanajua leo napika dawa. Mdomoni inaanza na uchungu wa mwarobaini halafu mwisho utamu unabaki kwenye koo.

Lile lisilonipendeza. Siku ya pili dada wa kaunta, sio mkalimani, akanitolea kichupa cha vidonge akasema hivi ni vikali zaidi, ni lei gong teng, mitishamba tu haina madhara yoyote. Nikamwambia ngoja kwanza nikasome. Jamani huo mmea unafanya kazi, China wameupima kwa wagonjwa wa baridi yabisi wakaulinganisha na hii hii methotreksati yangu, majibu yakatoka 2014 na haukushindwa. Lakini huohuo unaumiza ini na figo, unakata hedhi kwa mwanamke na kwa mwanaume unashusha mbegu. Mi nina miaka 34, nina mtoto mmoja na namtaka mwengine, na methotreksati tayari inalibebesha ini mzigo! Niliumia sana, kwa sababu aliekaa pale kaunta angeweza kumpa binti asiejua kuuliza. Dawa ya majani ni dawa. Dawa mseto tunazomeza wote za malaria ndani yake kuna dawa iliyotoka kwenye mmea wa kichina, qinghao, na mama Tu Youyou alieitoa akapewa tuzo ya Nobel 2015, sasa mmea wenye nguvu ya kuua malaria utasemaje hauna madhara?

Nikarudi kwa daktari mwenyewe, akakubali bila ubishi kwamba ile haikua ya kunipa mimi na akamsema dada mbele yangu. Hospitali sikuficha, nilienda na karatasi ya majina na daktari wangu akaisoma yote, akasema methotreksati usiache hata wiki moja na ini tupime kila baada ya wiki mbili. Wiki ya nne ini zima ila presha 150 kwa 95, miguu imevimba kidogo. Ni ule mzizi mtamu, gan cao, unashika maji na chumvi mwilini. Dukani wakautoa siku hiyohiyo, baada ya siku kumi presha ikarudi.

Matokeo? Kukaza asubuhi kumeshuka mpaka kama dakika 40, kipimo cha damu cha uvimbe kilikua 58 sasa 41. Ni dawa za kichina au methotreksati inaendelea kufanya kazi yake, siwezi kuapa. Saa tatu nakata kitambaa, hilo naliona kwa macho yangu.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimekata kwa ajili ya kile kichupa. Ukienda omba yule dada mkalimani, anakuwepo Jumatatu mpaka Alhamisi, na karatasi ya majina uidai kabla hujalipa, wakikataa shika bajaji yako urudi nyumbani.