Uzoefu Wangu na Twenty Twenty-Four ya WordPress: Uzuri Unapewa, Kuaminika Unajitafutia

Nilihamia kwenye Twenty Twenty-Four, kiolezo cha bure cha mwonekano wa tovuti kilichotolewa pamoja na toleo la 6.4 la WordPress, programu ya kujengea tovuti, mnamo Novemba 2023, baada ya kuchoshwa na kiolezo cha kulipia ambacho muuzaji wake alikisheheneza picha zinazojizungusha, vitufe vinavyorukaruka na maandishi ya kijivu hafifu yanayomlazimu msomaji kukodoa macho.

Tofauti ilionekana papo hapo. Vichwa vinatumia fonti ya Cardo, yenye vijimkia kama ya vitabuni, na aya zinatumia Inter, inayosomeka vyema hata kwenye kioo kidogo cha simu. Nafasi tupu zimeachwa bila ubahili. Hata hivyo, kilichonifurahisha zaidi ni kihariri cha WordPress chenyewe: nilipoweka maandishi ya rangi ya chungwa juu ya usuli mweupe, onyo lilijitokeza kwenye sehemu ya kuchagulia rangi kwamba mchanganyiko huo huenda ukawatatiza wasomaji. Mwongozo wa WCAG, wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kipimo ambacho wengi wetu tusingekikumbuka bila kusukumwa.

Panapohitaji uangalifu ni kwenye maudhui ya mfano. Kurasa zake zimejengwa juu ya kampuni ya kufikirika ya usanifu majengo iitwayo Études, na ndani yake mna hata ushuhuda wa mteja asiyekuwepo. Mwenye haraka hubadilisha jina la kampuni akauacha ushuhuda ulivyo, na mgeni atakayeugundua hatanunua kitu hapo, ukurasa upendeze usipendeze. Mimi niliufuta, nikaweka picha za kazi zangu halisi (si kali kama zile za mfano, nakiri), anwani, namba ya simu inayopokelewa, jina la mwandishi wa kila makala, na tarehe ambayo bei zilihuishwa mara ya mwisho. Tangu hapo wateja wanaonipigia huuliza kazi itaanza lini, ilhali zamani walianza kwa kuuliza kama kweli nipo.

Kwa kasi sina la kulalamika, mradi picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupakiwa. Kwa duka lenye bidhaa nyingi nisingekichagua, kwa sababu mpangilio wake unazifaa zaidi kurasa chache zenye maelezo na picha kubwa.