NetMonster kwenye vilima vya Bukavu, baada ya miezi minane

Mama watoto ana meza ya kutuma na kupokea pesa kwa simu huku Kadutu. Kazi yake yote inategemea ile mistari ya rezo juu ya kioo. Ikishuka, ujumbe wa kuthibitisha hauji, mteja anasimama, wa nyuma yake anaanza kununa. Ndiyo sababu nilitaka kumpatia simu nzuri zaidi, na simu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye NetMonster, programu ya Android isiyolipiwa, inayoonyesha minara na masafa ambayo simu imeshika, na ambayo sasa naifungua karibu kila siku.

Simu niliinunua dola 90 kwa kijana mmoja anayeuza mezani mjini. "Papa, hii imetoka Marekani, iko inakamata rezo zote." Kioo hakina mkwaruzo, betri inatunza moto, picha safi. Nikaweka kadi pale pale, nikampigia mama watoto, akanisikia vizuri, nikalipa. Kumbe kupiga si kipimo. Nyumbani ilibaki kwenye E, ile rezo ya polepole ya 2G, hata 3G haikupanda. Nikashuka nayo mpaka Nyawera, nikaendelea mpaka Nguba. E tu. Nikaamini kwamba minara ya upande wetu imeharibika, na nikawanung'unikia mafundi wa watu bure.

Nikapakua NetMonster ndani ya simu hiyo hiyo. Ikanionyesha mistari miwili ya 2G na basi. Hapa anayeipakua aelewe jambo moja mapema: programu hii inaona kwa macho ya simu yako. Bendi, yaani kundi la masafa, ambayo redio ya simu haina, haitaandikwa popote. Hutaambiwa kwamba iko hewani ila huifikii. Utaona patupu, na patupu panadanganya.

Jioni nikachukua simu ya binti yangu, ya bei ndogo kuliko ile, nikahamishia kadi ile ile, nikafungua programu ile ile, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile. Mstari ukajitokeza: 4G, bendi 3, namba 1300. Nilikaa naiangalia hiyo 1300 kwa muda. Ni namba ya chaneli. Bendi 3 upande wa kupokea inaanza kwenye namba 1200, ambayo ni megahezi 1805, na kila namba moja ni sehemu ya kumi ya megahezi. Kwa hiyo 1300 ni megahezi 1815. Mnara ulikuwa mzima, unatupigia kelele usiku na mchana. Simu ya dola 90 ndiyo ilikuwa kiziwi.

Nikaenda kwenye ukurasa wa kuhusu simu, nikanakili namba ya modeli pamoja na herufi zake za mwisho, nikatafuta. 4G yake ni bendi 2, 4, 5, 12, 17 na 66. 3G yake ni 850 na 1900. Ni masafa ya kwao. Katika mgawanyo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, Afrika yote iko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya, nayo Marekani iko kanda ya pili, na mipango ya masafa haifanani. Simu mbili zinaweza kuwa na jina moja na umbo moja, herufi ya mwisho ikatofautiana, na ndani zikawa redio mbili tofauti. Wengi hapa wanasema "nitaipeleka wakaidekode". Kudekoda kunafungua kufuli la kadi. Bendi inahitaji vichujio na vikuza ishara vya redio vilivyobandikwa kwenye ubao, na hivyo fundi wa mezani haviongezi.

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi. Binti alinikopesha simu yake Jumapili moja nikaanza kufuatilia minara. Kwenye kioo kuna RSRP, nguvu ya ishara kwa desibeli, inayoandikwa kwa hasi: ikiwa −80 unakaa raha, ikifika −115 mama watoto anaanza kusali. Kuna eNB, namba ya mnara wenyewe, ambayo programu inakutolea kwa kugawanya namba ndefu ya seli, yaani ya upande mmoja wa mnara, kwa 256. Na kuna TA, ambayo kwangu ni dhahabu. Mnara unaiambia simu iwahishe kutuma kwa kiasi gani ili ishara ifike kwa wakati, na kila hatua moja ya 4G ni kama mita 78.

Nikaweka simu mezani kwa mama watoto, ndani kabisa, kwenye kona anakofungia pesa. RSRP −117. TA 9. Mara 78, ni kama mita 700. Lakini mnara ninaoujua mimi, ule unaouona ukitoka mlangoni, hauko mbali hivyo! Nikatoka nje, nikageuka polepole, simu kifuani, mgongo wangu ukiwa kizuizi. Nikielekea kilimani namba inashuka, nikielekea ziwani inapanda. Tulikuwa tunahudumiwa na mnara wa ng'ambo ya bonde miaka yote, huku tukiutazama wa jirani kwa shukrani. Nikahamisha meza hatua nne, ikakaa chini ya dirisha la upande wa ziwa. −101. Desibeli 16 ni karibu mara 40 ya nguvu. Mama watoto hakuniuliza hesabu, alisema tu, "Baba, leo ujumbe unakuja kabla mtu hajamaliza kusalimia."

Ukishuka kuelekea mto Ruzizi, mpakani, utaona jambo lingine. Namba ya nchi yetu, Kongo, kwenye mitandao ya simu ni 630. Kuna mahali simu inapoteza ya kwetu na kwenye kioo inatokea 635, Rwanda. Mawimbi hayajui barrière. Kama umeacha simu ichague mtandao yenyewe, na kadi yako inaruhusu, itavuka bila wewe kuvuka na mega zako zitaliwa kwa bei ya ugenini. Wanaokaa karibu na mto wachague mtandao kwa mkono.

Kasoro zipo. Kiswahili hakuna, kwa hiyo mama watoto haitumii peke yake. Lazima uwashe mahali ulipo, kwa sababu Android haitoi habari za seli bila ruhusa hiyo. Anayebana betri ataumia, hasa ukiiacha irekodi unapotembea. TA haitokei kwenye kila simu: kwa binti ipo, kwenye simu yangu ya zamani nafasi yake ni tupu. Majina ya minara hayaji yenyewe, mimi ninayaandika kwenye daftari: namba, mtaa, chaneli, saa. Wenye iPhone wasihangaike kuitafuta, Apple haiachi programu zisome habari hizo. Wapige *3001#12345#* wapate ukurasa wa majaribio wa simu yenyewe, ambao unatosha kwa kuanzia.

Kwa anayekwenda kununua simu ya mkono wa pili, mwombe muuzaji uweke kadi yako na usubiri 4G ipande kabla hujatoa pesa, na soma modeli mpaka herufi ya mwisho. Yule kijana nilirudi kwake na daftari langu. Hakurudisha pesa, lakini alikaa nami tukapitia simu kumi na moja za mezani kwake, na tatu akaziweka kando kwa kuuzia wanaopiga picha tu.

Ya kwangu ya dola 90 inapiga muziki dukani. Daftari limejaa Ibanda na Kadutu. Jumapili ijayo, mvua ikiruhusu, napanda Bagira.