Kung'oa gego la mwisho lililolala: uzoefu wangu, kliniki moja hapa Dar

Nianze na swali ambalo kila mtu ananiuliza, inauma? Kung'oa kwenyewe hapana. Kinachouma ni sindano ya ganzi, ile inayoingia nyuma kabisa karibu na maungio ya taya, hapo utakunja vidole vya miguu, baada ya hapo lipsi inakuwa nzito na unachosikia ni kuvutwa, kusukumwa na mlio wa mashine unaopiga ndani ya fuvu.

Langu lilikuwa la chini kushoto, limelala ubavu limeegemea gego la jirani. Fizi ya juu yake ilikuwa inavimba, inapoa, inavimba tena, chakula kinaingia chini ya ile nyama na mdomo unatoa harufu, antibayotiki zinatuliza tu halafu unarudi kulekule. Dokta akanipiga OPG, ile picha ya taya zima ambayo unasimama mashine inakuzunguka kichwa, akanionyesha kwenye skrini mizizi ilivyosogelea mshipa wa fahamu unaopita kwenye taya, akaniambia wazi kuna uwezekano mdogo lipsi ikabaki na ganzi kwa wiki au miezi. Hapo alipata maksi zangu zote, maana wengine wanakwambia tu "usiwe na wasiwasi" basi. Akachana fizi, akachonga mfupa kidogo, jino akalikata vipande akatoa kimoja kimoja, akashona.

Sasa malalamiko. Kwenye simu nilitajiwa bei ya kung'oa jino, kufika kaunta imekuwa bei ya operesheni, OPG mbali, dawa mbali. Kitaalamu wako sahihi, jino lililolala halitoki kwa koleo tu, ila si mngeuliza kwenye simu jino lenyewe liko wapi? Mtu kashaomba ruhusa kazini, kashafika na shavu limevimba, atabisha nini.

Masharti ya nyumbani walinielekeza vizuri sana. Pamba unaiuma kama nusu saa na zaidi, barafu ndani ya kitambaa siku ya kwanza, hakuna kutematema, hakuna mrija, sigara usiguse kabisa, kwasababu lile bonge la damu kwenye shimo ndo kifuniko chenyewe, likitoka mfupa unabaki wazi na siku mbili tatu baadae maumivu yanapanda mpaka sikioni. Maji ya chumvi unaanza baada ya masaa 24, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, unainamisha kichwa huku na huku unaacha yadondoke yenyewe. Na kama umepewa flajili, ile antibayotiki, pombe weka pembeni.

Uvimbe ulipanda zaidi siku ya pili na ya tatu kama dokta alivyosema, kwahiyo sikushtuka. Kilichonishinda ni taya. Jamani taya halifunguki! Kijiko cha chai nakiingiza kwa ubavu, kupiga mswaki nyuma haiwezekani, kupiga miayo ni adhabu. Sikuwahi kusikia mtu akilisimulia hili, wote wanasimulia sindano. Nikaishi kwa uji, mtindi, parachichi lililopondwa na mtori uliopoa, halafu mama mkwe akaja kuniona na makande, Mungu ambariki, wakala wengine nikiangalia. Maumivu yalitulia mapema kuliko taya, hilo lililegea taratibu sana kwa mazoezi ya kufungua mdomo kidogo kidogo.

Lipsi iko salama, na shimo bado linadaka punje za wali, nalisafisha kwa maji ya chumvi kila nikimaliza kula. Magego ya juu yamesimama wima hayana shida, dokta kasema yabaki. La kulia chini nalo limelala, litang'olewa, na ntarudi kwa dokta huyuhuyu, ila safari hii gharama yote nataka niandikiwe kwenye karatasi kabla sijakaa kwenye kiti.